Mtoto mchanga anaharisha: maswali mnayoniuliza kila wakati

Mbukwenyi wapendwa. Mimi ni nesi wa zahanati, huku pembeni kidogo ya Dodoma mjini, na mvua zikishaanza Desemba hivi benchi letu la asubuhi linajaa kina mama wenye watoto wanaoharisha, na maswali ni yaleyale, kwa hiyo nimeamua niyaandike yote hapa ili hata aliye mbali ayapate. Kitu kimoja naomba ukishike kabla hujaendelea kusoma. Mtoto anayeharisha kinachomuondoa mara nyingi ni maji na chumvi vinavyotoka mwilini, vikitoka haraka kuliko vinavyoingia ndani ya siku moja tu mtoto anakuwa mwingine. Kazi yako ya kwanza nyumbani ni kurudisha kile kinachotoka, na unaanza na choo cha kwanza, usisubiri kesho.

Nitajuaje kama anaharisha kweli? Wangu anajisaidia mara sita kwa siku.

Ananyonya maziwa yako tu? Basi inawezekana ni kawaida yake. Choo cha mtoto wa maziwa ya mama ni laini, cha njano, kina vipunje vipunje, na wengine wanapata choo kila wakinyonya na wananenepa vizuri tu. Kuharisha ni pale choo kinapobadilika kuwa majimaji kuliko alivyozoea na kinakuja mara tatu au zaidi kwa siku. Wewe ndiye unayebadilisha nepi zake kila siku, kikibadilika utakijua kabla yangu.

Si ni meno tu yanaota?

Hapana. Najua hili limekaa sana vichwani mwetu, ila angalia umri wenyewe, meno yanaanza kuota miezi sita hivi na kuendelea, na ni umri huohuo mtoto anaanza kupewa uji na maji, anaanza kutambaa, kila anachookota chini kinaenda mdomoni, na huku kwetu hapo chini kuku wamepita, mbuzi wamelala, zizi lipo hatua chache kutoka mlangoni. Wadudu wanaingia hapo. Wengi wanaharisha kwa virusi, na anayesumbua zaidi watoto wadogo anaitwa rotavirusi, halafu kuna bakteria kama Shigela na aina fulani za E. koli, na vijidudu vingine kama Giadia. Vyote vinapita njia moja, kinyesi cha mtu au mnyama kuingia mdomoni kwa mtoto kupitia mikono, maji, vyombo au nzi.

Bibi yake anasema ni meno ya plastiki, yang'olewe.

Mama, nakuomba sana, usikubali. Hakuna kitu kinaitwa meno ya plastiki. Kile cheupe wanachokuonyesha kwenye fizi ni jino la kweli changa, mara nyingi chonge, ambalo bado halijatoka. Wanalichokonoa na kitu chenye ncha, spoku ya baiskeli au kisu, mtoto ambaye tayari amepungukiwa maji anavuja damu, anapata maambukizi, anaweza kupata hata pepopunda, na mdomo ukishauma hanyonyi tena, yaani njia yenyewe ya kumrudishia maji umeshaifunga. Nimepokea watoto wa hivyo na sitaki kupokea mwingine. Kukata kimeo nako ni hivyohivyo. Bibi muongeleshe kwa heshima, mwambie nesi kasema tumpe maji ya ORS kwanza (ule unga wa pakiti wenye chumvi na sukari, unakorogwa kwenye maji ili kumrudishia maji mwilini), na mpe kijiko amnyweshe yeye mwenyewe, wengi wakipewa kazi ya kufanya wanatulia.

Nimeambiwa nimembemenda mtoto, ndio maana anaharisha.

Hili linaniuma kuliko yote, sababu naona mama anakuja siku ya nne au ya tano, mtoto amekauka, ukimuuliza kwa nini umechelewa anainamisha kichwa, anaogopa watu watasema amelala na mwanaume wakati ananyonyesha au amebeba mimba nyingine. Dada, tendo la ndoa haliharibu maziwa, na mimba haigeuzi maziwa kuwa sumu. Mtoto anaharisha kwa sababu ya wadudu. Njoo na mtoto, hakuna atakayekuhoji ulilala na nani.

ORS naichanganyaje?

Soma pakiti kwanza. Nyingi tunazotoa ni za lita moja, ina maana pakiti YOTE inaingia kwenye lita moja ya maji safi, kwa mara moja. Usigawe unga nusu leo nusu kesho, usipime kwa macho. Kipimo rahisi nyumbani ni chupa mbili za maji za nusu lita, zikijaa zote mbili hiyo ni lita moja. Ile chupa kubwa ya lita moja na nusu siyo, na soda ya chupa ya kioo nayo haifiki nusu lita, watu wengi wanakosea hapo. Maji yawe yamechemshwa yakapoa. Ukiweka maji machache chumvi inakuwa kali na inaweza kumdhuru mtoto, ukiweka mengi haifanyi kazi vizuri. Usiongeze sukari, usiongeze maziwa wala juisi. Funika, na ikifika saa 24 iliyobaki mwaga uchanganye nyingine.

Ladha yake ni kama machozi, ndivyo inavyotakiwa.

Nimpe kiasi gani?

Chini ya miaka miwili, kila baada ya choo cha majimaji mpe mililita 50 mpaka 100, yaani robo mpaka nusu ya kikombe cha kawaida cha mililita 200. Mpe kwa kijiko cha chai au kikombe, kidogo kidogo. Chuchu ya chupa achana nayo, kuisafisha ikawa safi kweli ni kazi na mara nyingi ndiyo ileile iliyomletea ugonjwa.

Mtoto ambaye ameshaanza kuonyesha dalili za kupungukiwa maji hesabu yake ni nyingine, kituoni tunampa mililita 75 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa nne. Mtoto wa kilo 7 hiyo ni kama mililita 525. Inasikika nyingi sana, ila kijiko cha chai ni mililita 5, ukitoa kimoja kila dakika mbili bila kuchoka kwa saa moja ni mililita 150, saa nne zinatosha kabisa. Ndio maana tunakwambia kaa hapa na kijiko, hatukuweki benchi kwa kukudharau.

Kila nikimpa anatapika yote.

Mara nyingi anatapika kwa sababu amenyweshwa haraka, ana kiu, anadaka kikombe anapiga mafunda, tumbo linarudisha. Subiri dakika 10, halafu anza tena taratibu zaidi, kijiko kimoja kila dakika mbili tatu. Hata akitapika kuna kiasi kimebaki ndani. Akitapika kila kitu, hata kijiko hakikai, hiyo sasa ni ya hospitali.

Si ningempa tu glukosi ya dukani? Au soda, iliyotolewa gesi?

Hapa nitasema yangu. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa na miezi tisa, nilikuwa sijasomea unesi bado, akaanza kuharisha alfajiri, jirani kwa nia njema kabisa akaniambia mpe glukosi apate nguvu, nikanunua boksi, nikamkorogea siku nzima na yeye anakunywa vizuri kwa sababu ni tamu, nikajua napata ushindi. Jioni macho yameingia ndani, analia hatoi machozi. Mama mmoja nesi mtu mzima alinikalisha chini na kikombe na kijiko, hakunigombeza, akanielezea. Sukari nyingi ikiwa tumboni inavuta maji kutoka mwilini kuyaleta kwenye utumbo, kwa hiyo mtoto anaharisha zaidi. ORS ina sukari pia, ila kidogo na kwa kipimo, gramu 13.5 kwa lita, na iko pamoja na chumvi, kwa sababu kwenye ukuta wa utumbo sukari na chumvi zinaingia zimeshikana mikono na maji yanafuata nyuma. Sukari peke yake haifanyi hiyo kazi. Soda, juisi za boksi, chai yenye sukari nyingi, vyote viko kundi moja na glukosi. Usimpe.

Pakiti imeisha na duka limefungwa.

Lita moja ya maji safi, vijiko vya chai SITA vya sukari vilivyosawazishwa juu, na NUSU kijiko cha chai cha chumvi. Sawazisha kwa kisu, kijiko cha mlima hakikubaliki, hasa cha chumvi. Onja, ikizidi chumvi kuliko machozi mwaga uanze upya. Hii ni ya kukuvusha mpaka upate pakiti, haina potasiamu kama ya pakiti. Kwa aliyeshaanza kula, maji ya wali au uji mwembamba uliotiwa chumvi kidogo vinasaidia pia. Anayenyonya tu, ziwa liendelee mara nyingi zaidi.

Zinki mnayotupa pamoja na ORS ni ya nini, na kwa nini siku nyingi hivyo wakati mtoto amepona siku ya tatu?

Kwa sababu zinki inatibu utumbo wenyewe uliochubuka. Inapunguza wingi wa choo, inafupisha ugonjwa kwa kama robo ya muda, na ukimaliza dozi inamkinga mtoto asiharishe tena miezi miwili mitatu mbele. Miezi sita na kuendelea ni miligramu 20 kwa siku, kidonge kimoja kizima. Chini ya miezi sita ni miligramu 10, nusu kidonge. Siku 10 mpaka 14, hata kama amepona. Kidonge kinayeyuka chenyewe kwenye kijiko, kwa mdogo kiyeyushe na maziwa yako uliyokamua. Akitapika ndani ya nusu saa rudia. Naona mama wengi wanakiacha siku ya tatu na vidonge vinabaki kwenye mkoba wa kliniki, halafu wiki tatu mbele tunaonana tena benchini.

Nimpe flajili? Au ile dawa ya kufunga tumbo?

Ya kufunga tumbo, loperamide na jamaa zake, HAPANA kwa mtoto mdogo. Inasimamisha utumbo, wadudu na choo vinabaki ndani, tumbo linajaa, na watoto wameshapoteza maisha kwa hilo. Flajili na antibaiotiki nyingine hazifanyi chochote kwa virusi, na virusi ndio wengi. Inachofanya ni kumtia kichefuchefu akatae hata ORS. Nasema kwa kuumia kwa sababu mama anaingia duka la dawa na elfu zake chache, anatoka na antibaiotiki ya chupa na hana ORS wala zinki. Wewe uliza hivyo viwili kwa majina. Na kwenye vituo vya serikali matibabu ya mtoto chini ya miaka mitano kwa sera ni bure, kwa hiyo pita huko kwanza.

Kuna damu kwenye choo.

Hiyo ni tofauti, nenda kituoni leo. Kuhara damu mara nyingi ni bakteria na hapo antibaiotiki ina kazi yake, ila inaandikwa na mtu aliyempima mtoto na uzito wake. ORS anza ukiwa njiani.

Nimpumzishe kunyonya na kula ili tumbo litulie?

Usimpumzishe. Nyonyesha zaidi, usiku na mchana. Aliyeanza kula aendelee, kidogo kidogo mara nyingi, uji wa mtama au uwele uliopondewa karanga, ugali laini na mlenda, ndizi, ongeza kijiko cha mafuta. Akipona mpe mlo mmoja wa ziada kila siku kwa wiki mbili, arudishe kilo alizopoteza. Mtoto aliyefungiwa chakula anaharisha siku chache anakonda mwezi, halafu aliyekonda anaharisha tena.

Jua la Dodoma ni kali, si lazima nimpe maji hata kama ana miezi mitatu?

Mtoto chini ya miezi sita hahitaji maji ya kunywa hata Oktoba saa nane mchana. Maziwa yako kwa sehemu kubwa ni maji, akiona joto atanyonya mara nyingi zaidi, wewe ndiye unayetakiwa unywe maji ya kutosha. Kile kijiko cha maji cha kumpooza ndicho kinacholeta wadudu. ORS akiharisha ndiyo ruhusa pekee, pamoja na dawa.

Majani ya mpera je? Na ubuyu?

Mtoto mchanga usimpe dawa za majani, hakuna anayejua kipimo chake kwenye kilo tano. Ubuyu wetu mweupe kwenye uji wa mtoto aliyeshaanza kula ni chakula, sina ugomvi nao, ila hauchukui nafasi ya ORS. Ule mwekundu wa sukari ni pipi.

Kwa nini mmenikatalia dripu?

Kwa sababu mtoto wako anaweza kunywa. Dripu ni ya aliyelegea, asiyeweza kunywa, hapo hatusiti hata dakika. Watu wanaiona ORS kama dawa ya maskini, sasa sikia hii. Mwaka 1971 wakati wa vita ya Bangladesh, kwenye kambi ya wakimbizi huko Bongaon, India, kipindupindu kiliwashika watu na dripu zikaelekea kuisha, daktari mmoja Dilip Mahalanabis akaamua kuwapa wagonjwa maji ya chumvi na glukosi kwa kipimo, wanyweshwe na ndugu zao wenyewe. Vifo vilikuwa kama 30 kwa kila wagonjwa 100, vikashuka chini ya 4. Hiyo ndiyo kazi unayofanya ukiwa umekaa na kile kijiko.

Lini niache kila kitu niende hospitali?

Kama ana chini ya miezi miwili, nenda tu, usipime. Kwa wengine angalia hivi. Macho yameingia ndani, utosi umebonyea, mdomo mkavu, analia bila machozi, nepi imekaa kavu kwa muda wa saa sita. Bana ngozi ya tumbo taratibu kwa vidole viwili uachie, ikirudi polepole amepungukiwa maji, ikikaa imesimama kama sekunde mbili au zaidi hali ni mbaya. Anayelia lia na kunywa kwa pupa ameshaanza kupungukiwa, lakini wa kuogopa zaidi ni aliyenyamaza. Kina mama huniambia "nesi, sasa ametulia", kumbe amelegea, humwamshi vizuri, hanyonyi. Huyo hajatulia jamani, huyo kimbia naye. Nenda pia akipata degedege, homa kali (apimwe na malaria), damu kwenye choo, choo kinachotoka kama maji ya kuoshea mchele, au akitapika kila kitu. Na mtoto aliyekonda sana au miguu imevimba usimtibu nyumbani, mwili wake unahitaji maji ya aina nyingine na kwa uangalifu.

Inachukua siku ngapi?

Mara nyingi siku 3 mpaka 7, pole pole inapungua. ORS haikati kuharisha siku hiyohiyo, usiitupe kwa sababu hiyo. Ikifika siku 14 bado anaharisha, lazima apimwe.

Chanjo ya rota inazuia?

Inazuia ile kali ya rotavirusi, ile ya kulazwa. Ni matone ya mdomoni, Tanzania tunayo kwenye ratiba tangu mwanzoni mwa 2013, na inaanza mtoto akiwa na wiki 6. Usichelewe, ina umri wake. Haizuii wadudu wengine, kwa hiyo usafi unabaki palepale.

Maji yetu ni ya korongo au ya boza, tufanyeje?

Najua, sio kila mtaa bomba linatoka na vijijini wengine wanachimba mchanga wa korongo kiangazi chote na kugawana na ng'ombe. Maji yenye tope yaache yatulie, chuja kwa kitambaa safi, chemsha mpaka yatokote kabisa yabubujike dakika nzima. Kuni hakuna? Jua tunalo, maji maangavu kwenye chupa ya plastiki isiyo na rangi, ilaze kwenye bati juani kwa muda wa saa sita, siku ya mawingu iache siku mbili. Hifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko na koki, mkono usiingie ndani. Halafu kibuyu chirizi, lile dumu la kunawia linaloinamishwa kwa mguu, kiwe nje ya choo na sabuni pembeni, kinatumia maji machache sana. Kinyesi cha mtoto nacho ni kinyesi, kitupe chooni, kina wadudu kama cha mtu mzima au zaidi.

Ni saa nane usiku, zahanati iko mbali, boda hazipatikani. Nifanye nini sasa hivi?

Washa taa, chemsha maji, changanya ORS au ile ya sukari na chumvi, ipoe. Mkalishe mapajani kichwa kimeinuka, kijiko kimoja, hesabu taratibu mpaka mia, kijiko kingine. Kama amelegea anashindwa kumeza usimlazimishe, yatampalia, huyo usingoje kukuche, gonga kwa mwenye pikipiki yeyote au kwa mwenyekiti, msimame barabarani. Kama anameza, endelea mpaka asubuhi, ziwa katikati, na mwenzio akushike zamu ukisinzia. Asubuhi ukipata usafiri njoo na kikombe mkononi, umnyweshe njia nzima, na kadi ya kliniki usiisahau.